Mdundo wa chakacha kwa ProTracker: chaneli nne, kinu kimoja na ungo

Kinu cha bibi yangu kina mlio mzito ambao sijaupata kwenye mashine yoyote ya ngoma. Weka kiganja cha mpunga, pigilia mchi mara moja, utasikia "du" fupi inayoingia hadi kifuani. Leo tutaichukua sauti hiyo, tuichanganye na ya ungo wa kupepetea mchele, kisha tuzipange ndani ya programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani ya zamani: ProTracker ya Amiga.

Maelezo kidogo kwanza, maana yatakusaidia kuelewa kila hatua. Amiga 500 iliingia sokoni mwaka 1987. Ndani yake kuna chipu inayoitwa Paula, iliyobuniwa na Glenn Keller, yenye chaneli nne za sauti za biti 8. Mwaka huohuo Mjerumani Karsten Obarski alitoa Ultimate Soundtracker, programu iliyopanga noti katika safu nne zinazoteremka kwenye skrini kutoka juu kwenda chini. ProTracker, kazi ya kikundi cha Amiga Freelancers cha Norway, ilitoka mwaka 1990 ikifuata mpangilio huo. Si lazima uwe na Amiga. Olav Sørensen ameiandika upya programu hii kwa jina la ProTracker 2 clone. Ni ya bure, inakwenda kwenye Windows, macOS na Linux, na ndiyo ninayotumia hapa.

Jambo la kushika ni hili: chaneli moja hutoa sauti moja tu kwa wakati mmoja. Noti mpya ikiingia, iliyotangulia inakatwa papo hapo. Kwa hiyo kuchanganya sauti hapa hakusubiri mwisho wa kazi. Unachanganya kabla hujaandika hata noti moja.

Hatua ya 1: Rekodi

Simu inatosha. Zima feni, funga dirisha, weka simu juu ya kitambaa umbali wa hatua moja kutoka kwenye kinu. Piga mara kumi, mara kumi tena, halafu chagua pigo moja lililokaa vizuri. Kwenye ungo, pepeta kwa mkono mfupi: ninachokitaka ni ule mwanzo tu, mchele unapogonga ukindu, "cha". Rekodi pia waya mmoja mzito wa gitaa kwa ajili ya besi, na ala yoyote unayoipenda kwa ajili ya sauti ya juu.

Hatua ya 2: Kata na upunguze

Fungua rekodi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Zifanye mono (chaneli moja), weka kasi ya sampuli iwe 16574 Hz, kisha hifadhi kama WAV ya biti 8. Namba hiyo ina sababu: ndiyo kasi ambayo Amiga ya Ulaya inaisoma sampuli, yaani kipande chako cha sauti, unapopiga C-3 (noti C ya oktava ya tatu). Ukipiga C-2, kasi inashuka hadi nusu, 8287 Hz, na sauti inakuwa nzito na yenye vumbi. Wengine wanaipenda hivyo. Mimi kwa ungo sikubali, kwa sababu ule ukali wa mchele wote unapotea.

Sasa urefu. Kwenye mdundo wetu pigo la kinu litafuatwa na ungo baada ya sekunde 0.2. Sekunde 0.2 kwa kasi ya 16574 ni kama baiti 3314. Kata kinu kisizidi hapo, na uififishe sauti taratibu mwishoni ili isiishe kwa "tik". Ukiipakia kwenye ProTracker, sehemu ya LENGTH itaonyesha 0CF2, kwa sababu programu huandika namba nyingi kwa tarakimu 16, kutoka 0 hadi F. Usiogope mkia wa kinu kukatwa. Nguvu yote iko mwanzoni.

Hatua ya 3: Pakia na uchanganye

Bofya DISK OP., tafuta folda yako, pakia kinu kwenye sampuli 01 na ungo kwenye 02. Besi weka 04, ala ya juu 05. Acha 03 wazi.

Kisha bofya EDIT OP. Ina kurasa kadhaa. Kwenye mmojawapo kuna kitufe cha MIX. Ukikibofya kitakuuliza sampuli zipi ziungane na matokeo yaende wapi: 01+02 kwenda 03. Sasa una sauti ya tatu ambayo ni kinu na ungo vikigongwa pamoja, na itatumia chaneli moja badala ya mbili. Isikilize kwa makini. Ikisikika imepasuka, rudi Audacity upunguze ungo, maana biti 8 zina ngazi 256 tu na zikijaa hakuna pa kwenda. Mimi huuacha ungo uwe kama nusu ya kinu.

Hatua ya 4: Rekebisha ukurasa uwe wa 6/8

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama na programu za Ulaya. Paterni (ukurasa mmoja wa noti) ya ProTracker ina mistari 64, namba inayogawanyika vizuri kwa nne lakini haigawanyiki kwa kumi na mbili. Chakacha ni ya 6/8: noti fupi sita kila mzunguko, na kila moja naipa mistari miwili. Ukiipanga kwenye mistari 64, kila ukurasa unaishia katikati ya pigo na mdundo unachechemea.

Dawa ni kutumia mistari 48: mizunguko minne ya mistari 12. Mistari inahesabiwa kuanzia 00, kwa hiyo nenda mstari wa 47 na uandike amri D00 kwenye chaneli yoyote. Amri hiyo inaivunja paterni na kwenda moja kwa moja mwanzo wa inayofuata.

Kasi ya kawaida ni 6 kwa 125, yaani kila mstari sekunde 0.12. Kwangu huo ni mwendo wa kusinzia. Tumia F05, kila mstari uwe sekunde 0.10.

Hatua ya 5: Andika ngoma kwenye chaneli ya 1

Bofya EDIT, kisha F2 ili kibodi ipande oktava. Kitufe cha Q sasa ni C-3. Baada ya noti kuna tarakimu tano: mbili za kwanza ni namba ya sampuli, ya tatu ni amri, mbili za mwisho ni kiasi. Andika hivi:

00 C-303F05
02 C-302C20
04 C-302C18
06 C-303C30
08 C-302C20
10 C-302C18

Amri C ni ukubwa wa sauti, kutoka 00 hadi 40. Rudia kuanzia mistari ya 12, 24 na 36. Bofya PATTERN usikilize. Kinu na ungo vinacheza pamoja, na bado una chaneli tatu tupu.

Usiandike ungo wote kwa ukubwa mmoja. Mkono wa mtu haupigi hivyo, na sikio la pwani linatambua mara moja.

Hatua ya 6: Besi, kodi na sauti ya juu

Besi iende chaneli ya 2. Ikiwa unataka noti ndefu, tumia REPEAT na REPLEN kuchagua kipande kidogo cha waya kinachojirudia.

Chaneli ya 3 ni ya kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Amri 047 juu ya noti inaruka haraka sana kati ya sauti tatu, na sikio linazisikia kama kodi meja. 037 ni maina. Lazima uiandike kwenye kila mstari unaotaka iendelee, la sivyo inasimama. Chaneli ya 4 ni ya ala ya juu, na usiijaze. Acha nafasi ngoma ipumue.

Hatua ya 7: Angalia kushoto na kulia

Paula hutuma chaneli ya 1 na ya 4 kushoto, ya 2 na ya 3 kulia, bila kuchanganya hata kidogo. Nilipeleka wimbo wangu wa kwanza kwenye sherehe ya harusi ambako spika ya kushoto ilikuwa imekufa. Besi na kodi vilisikika, ngoma yote haikuwepo, na akina mama waliokuwa tayari wamefunga leso kiunoni wakarudi kukaa. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo hufungua faili la protracker.ini na kushusha STEREOSEPARATION kabla ya kutoa WAV kwa kitufe cha MOD2WAV kilicho ndani ya DISK OP. Ikiwa 100 ni Amiga halisi. 0 ni mono. Kwa ukumbini naweka 0.

Hatua ya 8: Hifadhi, na ujaze majina

Hifadhi faili la MOD, yaani wimbo wenyewe wa ProTracker. Paterni moja inachukua baiti 1024 tu, kwa hiyo karibu uzito wote ni wa sampuli zako.

Kila sampuli ina nafasi ya jina la herufi 22, na zipo nafasi 31 hata kama umetumia tano. Wanamuziki wa Amiga walizitumia kuandika salamu kwa wenzao. Mimi huandika sauti ilikotoka. Kwenye 01 ya faili hili pameandikwa "kinu cha bibi", kwenye 02 "ungo wa mchele", na kwenye 06, ambayo haina sauti yoyote, jina lake bibi mwenyewe.