Waraka mmoja, wapitiaji wanne: namna ya kuepuka vurugu za mapitio

Andiko la mradi la kurasa 30 likipita kwa afisa mradi, mhasibu, mwanasheria na mkurugenzi, aghalabu humrudia mwandishi likiwa nakala nne, kila moja na marekebisho ambayo nyingine haina. Kuziunganisha ni kazi ya siku nzima, na lazima kuna sentensi itakayopotea njiani. Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu yeyote, amueni nani ameshika kalamu. Wengine wote watoe maoni. Huyo mmoja tu ndiye akubali au akatae badiliko. Si lazima awe mkubwa wa idara. Afadhali awe yule aliyeandika, maana ndiye anayejua kwa nini jedwali la 4 limewekwa pale.

Mnaotumia Google Docs, wapitiaji wapeni ruhusa ya "Commenter", si "Editor". Kwa ruhusa hiyo mtu anaandika maoni na kupendekeza mabadiliko, lakini maandishi yenyewe hayaguswi mpaka mwenye kalamu akubali. Ukimpa kila mtu "Editor", yupo atakayefuta aya nzima kwa nia njema kabisa, nawe ukaje kuigundua siku ya kutuma.

Mnaotumiana Word kwa barua pepe, majina ya mafaili ndiyo yanayowaangusha. "Final", "Final mpya" na "Final ya mwisho kabisa" hayamwambii mtu lolote. Andika tarehe kwa kuanzia na mwaka: Andiko_Maji_2025-03-14_r2 (r2 ni toleo la pili). Ukiyapanga kwa jina, mafaili yatajipanga yenyewe kuanzia la zamani hadi jipya. WhatsApp itumike kukumbushana tu. Faili likishatupwa kwenye kundi, kila mtu analipakua kwenye simu yake, na hapo nakala zimeshaanza kuzaana.

Kuna jambo dogo kwenye Word linalosumbua ofisi nyingi. Kompyuta ziliwekewa programu kwa mkupuo, na jina la mtumiaji likabaki "User" au "Admin". Word hugawa rangi za marekebisho kwa kufuata jina la mwandishi. Majina yakifanana, kazi ya watu watatu inatoka kwa rangi moja, na hujui umuulize nani kwa nini amekata ile asilimia. Kila mpitiaji aingie File, kisha Options, kisha General, aandike jina lake halisi kwenye "User name". Aliyeingia kwa akaunti ya Microsoft aweke tiki pia kwenye kisanduku kilicho chini yake, la sivyo Word itaendelea kutumia jina la akaunti.

Halafu mwenye kalamu awashe "Track Changes", inayoweka alama kwenye kila badiliko, kwenye kichupo cha Review, au abonyeze Ctrl+Shift+E, na kwenye menyu hiyohiyo achague "Lock Tracking" na kuweka nenosiri. Hapo hakuna wa kuizima kwa bahati mbaya. Kama mtu amekwishahariri bila kuiwasha, usianze kusoma nakala mbili mstari kwa mstari. Fungua Review, Compare, weka ya awali upande mmoja na yake upande wa pili. Word itatoa waraka wa tatu wenye tofauti zote zimewekewa alama. Ndiyo maana nakala uliyotuma haifutwi kamwe.

Maoni yenyewe ni tatizo jingine. "Boresha hapa", "Sijaelewa", au alama ya kuuliza peke yake: mwandishi afanye nini nayo? Oni linalofaa linasema tatizo, sababu na pendekezo. Mfano: "Andika kata 12 badala ya 14, kata mbili ziliondolewa kwenye bajeti, jedwali la 3." Hilo linashughulikiwa kwa nusu dakika bila simu hata moja.

Mapitio yaende kwa awamu, na lugha iwe ya mwisho. Kwanza hoja na mpangilio, siku tatu. Kisha tarakimu, siku moja, na hapa mhasibu alinganishe kila namba ya kwenye maelezo na ile ya kwenye bajeti, kwa sababu walengwa 1,200 wa ukurasa wa 3 wana tabia ya kugeuka 1,250 kwenye jedwali. Ndipo mtu mmoja apitie lugha, siku moja. Anayesahihisha koma siku ya kwanza anapamba aya ambayo kesho itaondolewa. Weka pia saa ya kufunga, kwa mfano Alhamisi saa 10 jioni, na muelewane kwamba asiyejibu amekubali. Isipokuwa fedha na sheria: hao wakinyamaza, wafuate mezani kwao.

Na mkubwa? Wengi hupenda karatasi na kalamu nyekundu, wala hakuna haja ya kubishana. Kabla ya kuchapa, nenda Layout, Line Numbers, Continuous, ili kila mstari ulio nje ya majedwali uwe na namba. Hata kikaoni mtu atasema "mstari wa 214" na wote wafike pamoja. Ila mwelekeo wake mtafute mapema, kwenye muhtasari wa kurasa mbili. Akiuona waraka mara ya kwanza siku ya mwisho na kutaka lengo libadilike, mmeanza upya.

Maoni mawili yakigongana, mwenye kalamu asichague kimyakimya. Awaite wenye maoni kwa dakika 15, na uamuzi uandikwe chini ya oni lenyewe kabla halijafungwa.

Kabla ya kutuma, geuza mwonekano uwe "All Markup", unaoonyesha alama zote za marekebisho. "No Markup" huficha tu alama. Hazijaondoka, na mfadhili anaweza kuzifungua akasoma mlivyokuwa mkibishana kuhusu mishahara. Ondoa kwanza "Lock Tracking" kwa nenosiri lako na uzime "Track Changes", maana ikiwa imefungwa Word haikuruhusu kukubali wala kukataa. Kubali au kataa kila badiliko, futa maoni, kisha hifadhi nakala ya pembeni na uendeshe "Inspect Document", inayotafuta maoni na taarifa zilizojificha, kupitia File, Info, Check for Issues. Bonyeza Ctrl+A halafu F9 ili namba za kurasa kwenye yaliyomo zisahihike. Toa PDF, uifungue kwenye simu ya mtu ambaye hakushiriki, na mpitishe macho kwenye majedwali, maana huko ndiko safu ya mwisho hupenda kukatika.