Leseni ya muda ya kuuza kwenye tamasha au maonyesho: anzia hapa

Wengi wakisikia tamasha linakuja wanakimbilia fomu. Fomu baadaye bana, anza na eneo, maana leseni ya muda haikuruhusu kuuza popote, inakuruhusu kuuza bidhaa fulani, mahali fulani, tarehe fulani, basi, ukihamishia meza mtaa wa pili hapo huna leseni tena.

Hatua ya 1. Mtafute mwandaaji umuulize, kibali chako kinatubeba na sisi wauzaji ama kila mtu na chake? Kuna sehemu kinabeba wote, kuna sehemu ni cha kukusanya watu tu na kila banda linajitegemea. Akikwambia "usijali, kila kitu kiko poa", omba kopi usome mwenyewe. Kama hakuna mwandaaji, mwenye kiwanja akupe barua, na ikiwa ni barabarani au kwenye uwanja wa umma mara nyingi kuna kibali cha pili cha kutumia hilo eneo.

Hatua ya 2. Kusanya makaratasi: kitambulisho, namba ya mlipakodi, barua ya eneo, na mchoro wa banda. Mchoro hata wa mkono mara nyingi wanapokea, ilimradi uonyeshe meza, jenereta, mtungi wa gesi na njia ya kutokea. Una leseni ya duka? Uliza kwanza, usidhani itakufuata huko.

Hatua ya 3. Jaza fomu. Kwenye tarehe weka na siku ya kusimamisha banda na ya kulibomoa, watu wanasahau hii kila mara. Kwenye bidhaa taja zote, usiandike "vitu mbalimbali", itarudishwa.

Hatua ya 4 ni ya wauza chakula, na hapa ndo kuna kazi. Afisa afya atataka kuona maji ya kunawa yanayotiririka (beseni la kuchovya mikono halihesabiki), pa kutupa taka, na sehemu nyingi vyeti vya afya vya wanaoshika chakula, wote, hadi yule anayekuja kusaidia siku moja. Cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, maana hapo katikati ndo vijidudu vinazaana haraka, so nunua kipimajoto. Ukitumia gesi uwe na mtungi wa kuzimia moto. Pombe na muziki wa sauti kubwa kwa kawaida vina vibali vyao, usivichanganye humu.

Hatua ya 5. Peleka fomu na makaratasi mapema kwenye ofisi inayotoa leseni, sio wiki ya tamasha, ukaguzi una foleni yake. Lipa upewe risiti, anayetaka hela bila risiti achana naye. Leseni ikitoka kagua jina na tarehe palepale dirishani, kosa la herufi moja likionekana siku ya tukio utaeleza mpaka uchoke. Ibandike mbele ya banda, na uipige picha ikae kwenye simu.

Mkishamaliza tunza hesabu za mauzo, kodi inaweza kudaiwa hata kwa biashara ya siku mbili.