Kula kwa pesa kidogo Osaka, na kujua unachokula

Mama mdogo alikuja kutoka Tanga kunitembelea Osaka, Japani, kwa siku tisa. Hatua hizi nimeziandika kwa ajili ya watakaokuja baada yake, hasa wasiokula nguruwe.

1. Pesa mkononi
Vibanda vingi hutaka noti na sarafu. Toa yeni kwenye ATM za 7-Eleven, zinapokea kadi za nje. Noti ya 10,000 ivunje mapema, maana mashine za tiketi za chakula kwenye migahawa midogo mara nyingi huishia noti ya 1,000.

2. Chagua mtaa
Soko la Kuromon ni zuri kwa macho, ila bei zake sasa ni za watalii. Mimi wageni nawapeleka Tenjinbashisuji, mtaa wa maduka wenye paa, kama kilomita 2.6, ambako wenyeji wenyewe hununua mahitaji yao. Anza na takoyaki: madonge ya unga yenye kipande cha pweza ndani, hupikwa kwenye chuma chenye mashimo na kugeuzwageuzwa kwa kijiti. Manane ni kama yeni 500 hadi 700. Yatoboe kwanza mvuke utoke, ndani ni uji wa moto utakaokubabua ulimi. Kula hapo hapo kibandani, usitembee nayo.

3. Nguruwe na pombe
Hapa ndipo tulipopoteza saa mbili nzima. Kwenye kibanda cha tambi nilimwambia muuzaji "niku nashi", bila nyama. Akaitikia vizuri, akatoa vipande vya nyama, akatuletea bakuli. Mama mdogo akalitazama lile povu jeupe la mafuta juu ya supu, akaniuliza, "Mwanangu, hii imechemshwa na nini?" Nikarudi kuuliza: mifupa ya nguruwe. Muuzaji hakudanganya, alijibu nilichouliza. Tukaacha bakuli, tukazunguka na njaa kibanda hadi kibanda.

Kwa hiyo usiulize nyama, uliza nguruwe kwa jina: "Buta, haitte imasu ka?" Kisha ongeza "Suupu mo?", yaani hata kwenye supu? Uliza na mafuta pia, kwa sababu wapo wanaopaka chuma mafuta ya nguruwe, "raado". Okonomiyaki, chapati nene ya kabichi, kwa kawaida huwekewa nguruwe, ila ukiomba ya kamba au ngisi utapata.

Kwa vyakula vya pakiti, tafuta alama hizi: 豚 na ポーク (nguruwe), ラード (mafuta yake), ゼラチン (jelatini), 酒 na みりん (pombe ya kupikia). Usitegemee mstari wa mzio peke yake. Sheria inalazimisha kutaja vitu kama mayai, maziwa, ngano na kamba. Kutaja nguruwe kunapendekezwa tu, si lazima. Soma orodha nzima ya viambato, inayoanza na 原材料名. Programu ya kutafsiri kwa kamera inasaidia, lakini mwandiko wa mkono kwenye mbao za vibanda huikoroga, ndiyo maana mimi nasisitiza alama hizo uzikariri. Mirin, ile みりん, imo kwenye michuzi mingi. Hapo kila mtu na msimamo wake.

Ukichoka kuuliza, nunua kiazi kitamu cha kuchoma, yakiimo. Supamaketi nyingi huviweka karibu na mlango, vikiwa vya moto, na ndani ni vya njano vinavyonata kama vimetiwa asali. Mama mdogo alikula kila siku.

4. Supamaketi jioni
Kwangu hii inashinda soko lolote. Kuanzia saa moja au mbili usiku mfanyakazi hupita akibandika stika kwenye sushi, samaki wa kukaanga na wali. 2割引 ni punguzo la asilimia 20, si 2, na 半額 ni nusu bei. Ngoja abandike ndipo uchukue. Bei iliyoandikwa 税抜 haina kodi. Ongeza asilimia 8.

5. Takataka
Mapipa barabarani ni adimu. Beba mfuko wako, na vijiti vya takoyaki mrudishie muuzaji.