Kuwapeleka wanaume mlimani: anza na usingizi, mahubiri baadaye

Nilirudi kutoka Kongo mwaka 2018 nikiwa na viungo vyangu vyote. Nilikuwa koplo kwenye kikosi cha Tanzania cha ulinzi wa amani, chini ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na wenzetu wasiopungua 14 wakauawa. Sikuwa kambi ile, lakini baadhi yao tulikuwa tumekula sinia moja. Nyumbani Korogwe nililala sebuleni miezi saba, mgongo ukutani, macho mlangoni. Mchungaji aliniombea, waumini wakanitaka nitoe ushuhuda. Usingizi niliupata msituni, kwenye mlima wa Magamba juu ya Lushoto, siku mzee mmoja wa usharika aliponichukua na kuniambia, "Lala mwanangu, mimi nakesha."

Sasa mimi ndiye ninayewapeleka wengine. Nawaandikia wazee wa kanisa na yeyote anayetaka kufanya hivyo kwao.

Wawe wanane, wasizidi. Wanane hukaa kwenye moto mmoja na kila mmoja akasikika. Wasiwe wanajeshi watupu, maana tukiwa wenyewe tunarudia vyeo na kushindana nani aliona makubwa. Nusu wawe raia: dereva wa lori aliyegonga mtoto, baba aliyezika mwanawe, mtu aliyefilisiwa na mikopo. Msiitane afande. Sisi huitana kwa majina ya watoto, Baba Neema, Baba Juma, na asiye na mtoto ni kaka.

Mwaliko usitangazwe Jumapili. Nenda nyumbani kwake. Ukimwambia ana tatizo atakukaribisha chai na hutamwona tena. Mwambie, "Kaka, kuna siku nne mlimani, nahitaji mtu wa kushika panga." Kabla hujaondoka muulize mkewe, "Shemeji, analala?" Atakwambia ambalo mumewe hawezi kulitamka.

Chagua Februari au Septemba. Machi hadi Mei ni masika, na Juni na Julai baridi ya huko juu huingia kwenye mifupa. Kila mtu aje na mablanketi mawili. Vibali vya hifadhi mtavipata kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na mwenyekiti wa kijiji apewe taarifa. Kuni nunueni kijijini, msikate mti hifadhini. Pombe na silaha zibaki nyumbani. Anayetumia dawa aje nazo azinywe kwa saa zake, na asitokee mtu wa kumwambia kwamba imani inatosha. Hilo nalisema kwa ukali kila safari.

Siku ya kwanza hatuhubiri. Wachungaji wengi wanaipinga sheria hii, nami nawaomba wamsome Eliya, Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Mtu ametoka kwenye ushindi mkubwa, amekimbilia jangwani, ameketi chini ya mti akiomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumpa somo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa chakula mara ya pili. Sauti ile ya utulivu aliisikia baadaye, huko Horebu. Kwa hiyo sisi tukifika tunapika ugali na maharage, viazi vya Lushoto vikiwepo tunaongeza, tunakula tushibe, tunalala.

Lakini askari aliyeumia rohoni hawezi kulala kwa kuambiwa alale. Mwili wake unauliza nani yuko zamu. Ndiyo maana tunapanga lindo la kweli: wawili wawili, saa mbili mbili, majina yameandikwa kwenye karatasi na kusomwa mbele ya wote kabla ya giza. Wawili hao hukaa macho wakichochea moto, hawasinzii. Nimeona mtu ambaye hakuwa amelala usiku mzima kwa miaka akakoroma hadi jua limepanda, kwa sababu tu alisikia majina yale yakisomwa. Mwenzetu mmoja ni Mwislamu, askari wa zamani. Huja na msala wake, na lindo la alfajiri ni lake. Akimaliza kuswali ndipo anatuamsha. Na kuamsha kuna namna yake: simama mbali, mwite mtu kwa jina. Usimguse mguu.

Waonyeni pia kuhusu mbega. Alfajiri dume hunguruma kama injini, na mgeni asiyeambiwa anaweza kuruka akatafuta pa kujificha. Sufuria zisigongwe.

Siku ya pili ni kazi: kuchota maji, kutengeneza njia mahali kijiji kilipoomba. Mchana kila mmoja anakaa chini ya mti wake saa tatu, peke yake, umbali ambao akiitwa anasikia. Jioni tunasoma Zaburi ya 88. Makanisani kwetu tumezoea ushuhuda unaomalizika kwa shangwe, na mtu ambaye wake haujafika huko anabaki kimya kwa aibu. Zaburi hii inaishia gizani. Isome polepole, funga Biblia, usiifafanue. Mara nyingi kimya kinakuwa kirefu, halafu mmoja anaanza kusema. Asiyesema asilazimishwe, anaweza kuongezea kuni, hiyo nayo ni kushiriki. Linalosemwa motoni halishuki mlimani, si kwa mke, si kwa mchungaji.

Kuna jambo moja tu linalovunja siri hiyo. Mtu akisema amechoka kuishi, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Akikubali, usimwache peke yake hata chooni, ondoa panga na kamba karibu naye, mshushe hospitali usiku huohuo. Kwa sababu hiyo gari lenye mafuta na dereva lazima liwe karibu siku zote nne. Upande wetu wa Usambara tuna pia hospitali ya Lutindi, inayohudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Kumpeleka mtu huko ni sehemu ya huduma hii.

Siku ya nne tunashuka hadi Mombo, na pale stendi, kabla mabasi hayajatutenganisha, tunapangana wawili wawili. Kila mtu anaandika namba ya mwenzake na siku ya kumpigia. Wa kwangu hupiga Alhamisi saa tatu usiku, na swali lake la kwanza ni kama nimelala.