Namna ya kukadiria kama bondia anayejiamini atabadili mbinu katika pambano la marudiano

Kila linapotangazwa pambano la marudiano, ubishi katika vibanda umiza na vijiwe vya Mtwara na Lindi huwa ni ule ule: je, bondia huyu mwenye kujiamini atapigana kama alivyopigana mara ya kwanza, au atakuja na mbinu nyingine? Wengi hujibu kwa ushabiki, au kwa maneno waliyoyasikia kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Jibu lililo bora hupatikana kwa kuchunguza mambo machache, na uchunguzi huu unamfaa shabiki kama unavyomfaa kocha wa mtaani ambaye kijana wake anasubiri kurudiana na mtu.

Anza kwa kulitazama tena pambano la kwanza, ukiwa umezima sauti, kwa sababu mtangazaji hukuvuta kwenye ngumi zenye kishindo wakati jambo la maana linatokea miguuni. Angalia ni nani aliyekuwa akirudi nyuma hadi kwenye kamba, na angalia mkono unakwenda wapi baada ya kurusha jebu, yaani ngumi ya haraka iliyonyooka ya mkono wa mbele. Mwaka 1936 Max Schmeling aligundua kwamba Joe Louis, baada ya kurusha jebu, aliushusha mkono wa kushoto, na akaitumia nafasi hiyo kumpiga kwa mkono wa kulia mpaka akamshinda kwa KO, yaani kwa kumwangusha asiinuke, katika raundi ya 12. Ukiliona kosa la namna hiyo, jiulize kama mwenye kosa naye ameliona. Louis alirudi tarehe 22 Juni 1938 akiwa mtu mwingine, akamvamia Schmeling tangu kengele ya kwanza, na kazi ikaisha katika raundi hiyo hiyo.

Hatua inayofuata, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni kusikiliza jinsi bondia anavyoeleza kushindwa kwake. Anayejiamini hubadilika pale tu anapokubali kwamba sababu ilikuwa ndani ya upiganaji wake mwenyewe. Sugar Ray Leonard, aliyepoteza kwa pointi mbele ya Roberto Durán mjini Montreal mwezi Juni 1980, alielewa kwamba alichokozwa akakubali kusimama na kubadilishana ngumi kwa karibu, yaani alipigana pambano la Durán. Mwezi Novemba mwaka huo huo, mjini New Orleans, alitumia miguu, akazunguka, akapiga na kuondoka, na Durán akaacha kupigana katika raundi ya nane. Kujiamini kwa Leonard hakukupungua hata kidogo. Alichobadili ni mahali pa kusimama.

Tofauti yake ni Deontay Wilder. Baada ya kusimamishwa na Tyson Fury katika raundi ya saba mwezi Februari 2020, alilalamikia uzito wa vazi aliloingia nalo ulingoni, kisha akaachana na kocha wake aliyerusha taulo kuomba pambano lisimamishwe. Bondia wa namna hii ni kama mkulima wa korosho anayeilaumu mvua ilhali hakupuliza dawa ya salfa: msimu ujao usitarajie mikorosho ile ile impe mavuno tofauti.

Mshindi wa pambano la kwanza hachelewi kueleweka. Mara nyingi habadiliki, na hatari yake ni kwamba hata maandalizi huyapunguza. Waliokesha Mtwara usiku wa tarehe 7 Desemba 2019, bila taabu ya kuamka alfajiri kwa kuwa saa za Saudi Arabia, lilikofanyika pambano, na zetu ni sawa, waliliona hilo wazi. Andy Ruiz, aliyemwangusha Anthony Joshua mara nne mwezi Juni, alirudi akiwa ameongeza takriban kilo 7, na baadaye akakiri kwamba starehe zilimponza. Joshua alikuwa amepungua karibu kilo 5, akapiga jebu na kuondoka kwa raundi 12, na akashinda kwa pointi bila kujali wale waliotaka damu.

Ndiyo maana matendo yapewe uzito kuliko majigambo, ingawa majigambo nayo yasitupwe yote. Kabla ya marudiano ya 2020 Fury alitangaza hadharani kwamba atamfuata Wilder na kumpiga KO, na wengi walidhani anatega. Lakini alikuwa amemchukua kocha mpya, SugarHill Steward, anayefundisha mtindo wa kushambulia wa Kronk, jimu ya ngumi ya Detroit, Marekani, na siku ya kupima uzito alikuwa ameongeza zaidi ya kilo 7. Kauli, kocha na uzito vinapoelekea upande mmoja, amini. Kocha mpya peke yake hatoshi: Joshua alikwenda na Robert Garcia kurudiana na Oleksandr Usyk mwaka 2022, akapigana vizuri zaidi, na bado akapoteza.

Usiku wa pambano wenyewe, usitoe hukumu katika raundi ya kwanza. Mwezi Oktoba 2021 Wilder alianza pambano la tatu na Fury kwa jebu za mwilini, jambo jipya kabisa kwake, lakini kadiri mapigo yalivyozidi alirudia kuutegemea mkono wake wa kulia, na akaanguka katika raundi ya 11. Subiri apigwe ngumi ya kwanza iliyomwingia kisawasawa, kisha tazama anarudi kwenye mtindo upi. Kocha mwenye kijana anayesubiri marudiano na afanye hivyo hivyo mazoezini: amfundishe mbinu mpya akiwa amechoka, mwishoni mwa mazoezi, na ampangie mwenzake wa kumbana kwenye kamba, ili aone kama mbinu hiyo inabaki pale mapafu yanapowaka.