Visu viwili, chuma gani? Namna ya kulinganisha kabla ya kununua Bukavu

Kwenye soko la Kadutu, kisu cha Brazili, cha Uchina, cha Uswisi na kile ambacho mhunzi amekifua kwa resori (springi) ya gari unaweza kuvikuta vimelala juu ya turubai moja. Kila muuzaji atakwambia chake ni chuma kizuri. Jina la kiwanda na la chuma ni nusu ya habari tu. Nusu nyingine iko kwenye moto chuma kilichopitia, yaani kilivyopashwa na kupozwa ili kikomae, na namna makali yalivyochongwa, na hiyo lazima uipime mwenyewe.

Anza na maandishi ya kwenye bapa. "Inox" (inoksi) au "stainless", yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, yanakueleza habari ya kutu, ugumu hayausemi. Namba ya chuma ndiyo yenye faida. X50CrMoV15, ya viwanda vingi vya Ulaya, ina kaboni karibu asilimia 0.5 na kromiamu karibu 15. 5Cr15MoV ya Uchina inakaribiana nayo sana. 3Cr13 ina kaboni 0.3 tu, nayo hupoteza makali upesi. 12C27 ya Uswidi ina karibu 0.6, na VG-10 ya Japani karibu 1. Neno "Solingen", jina la mji wa visu wa Ujerumani, linalindwa na sheria ya huko tangu 1938, lakini "German steel" peke yake haisemi kisu kimetengenezwa wapi.

Sasa angalia moto unavyobadilisha mambo: Victorinox ya Uswisi na Wüsthof ya Ujerumani, viwanda vya visu, wote hutumia X50CrMoV15 kwa visu vya jikoni, ila wa kwanza hutangaza ugumu wa Rockwell (kipimo cha ugumu wa chuma; namba kubwa ni chuma kigumu zaidi) 55–56 na wa pili 58. Chuma kilekile, tabia mbili. Cha 58 hukaa na makali zaidi kidogo. Cha 55 hunoleka haraka hata kwa jiwe la kawaida.

Sumaku isikudanganye. Wengi husema inoksi ya kweli haivutwi. Kwa vijiko vingine ni sawa, kwa kisu sivyo: inoksi inayoweza kukomazwa kwa moto huvutwa. Bapa lisilovutwa kabisa ndilo la kutilia shaka, maana huenda ni chuma cha vijiko.

Kisha chukua tupa ndogo, uipitishe taratibu karibu na mpini, mahali pasipokata. Ikizama na kuacha unga wa chuma, bapa ni laini. Ikiteleza, ni gumu. Visu vingi vya jikoni viko katikati: tupa inakwaruza kidogo.

Jaribio lenyewe ni la kukata, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Wanalinganisha kisu kipya na cha zamani, au kimoja chenye makali membamba na kingine chenye makali manene, halafu lawama zinaangukia chuma. Noa vyote viwili kwa jiwe moja lenye maji, kwa pembe moja. Bapa likiwa na upana wa sentimita 4, inua mgongo sentimita 1.4 juu ya jiwe. Hapo una karibu digrii 20 kila upande. Endelea mpaka usikie ukingo mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili, kwa urefu wote, kisha uuondoe kwa mkono mwepesi. Usipeleke kwenye mashine kavu ya kunolea: makali yakigeuka buluu, joto limefika karibu digrii 300 na chuma cha kaboni (kile kisicho inoksi) kimeshalainika. Hata makali ya kiwandani huwa yamedhurika hivyo wakati mwingine, kwa hiyo noa mara mbili au tatu kabla ya kuhukumu.

Weka alama ya sentimita 5 kwenye makali ya kila kisu. Kata kartoni moja kwa sehemu hiyo tu, ukibadilishana visu ili vyote vipate kartoni ya unene uleule. Kila baada ya mikato 20, jaribu karatasi ya daftari. Kinachoanza kuirarua kwanza kimeshindwa.

Usiishie hapo. Elekeza makali kwenye mwanga; penye kung'aa ndipo palipoharibika. Kama yamelala upande mmoja na yanasimama tena ukiyapitisha kwenye fimbo ya kunolea ya wachinjaji, chuma ni laini lakini kinahudumika. Kama yamemeguka vipande, ni kigumu mno kwa kazi hiyo, au pembe ni nyembamba mno.

Kwa kutu, tone la ndimu kwa dakika 10 linatosha. Chuma cha kaboni kitafanya doa jeusi. Kwa anayesafisha sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) na tilapia kutwa nzima, maji hayakauki mkononi, tungechagua inoksi ya 55–58 bila kusita.

Kisu cha resori kina heshima yake, hasa kwa kazi nzito, na kinataka kukaushwa mara tu baada ya kuoshwa. Kabla ya kumlipa mhunzi, omba upitishe tupa sehemu tatu: karibu na mpini, katikati na nchani. Ikiteleza nchani na kuzama karibu na mpini, moto haukuenea, na makali ya upande wa mpini yatalala mapema.