Msimu wa Kwanza Baada ya Kurudi Kijijini: Namna ya Kulisha Familia Masisi na Rutshuru

Familia inayorudi kijijini huko Masisi na Rutshuru, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini mashariki mwa Kongo (DRC), baada ya kuishi katika kambi za waliokimbia vita, aghalabu hukuta shamba limekuwa pori, ghala ni tupu na mifugo haipo. Miezi ya hatari zaidi ni ile mitatu au minne ya mwanzo, kabla ya mavuno ya kwanza, kwa sababu ndipo mbegu huliwa na watoto hudhoofika. Maelekezo haya yanahusu miezi hiyo.

Kabla ya kushika jembe, hakikisheni shamba ni la nani leo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya dola, lakini vijijini neno la mwami, yaani chifu wa jadi, na wazee ndilo linalotegemewa, na huenda jirani amelima hapo kwa miaka kadhaa akiamini hamtarudi. Andikeni makubaliano mbele ya mashahidi, hata kama ni ya msimu mmoja tu. Mkiona bomu au risasi kubwa shambani msiiguse. Wekeni alama kwa mbali na mwarifu wenye mamlaka.

Upangaji wa mazao ufuate muda ambao kila moja linachukua kufika chunguni. Lenga-lenga, yaani mchicha, huliwa baada ya wiki tatu au nne, hivyo ipandwe karibu na nyumba siku zile zile za kufika, ikimwagiliwa maji yaliyooshea vyombo. Maharage mafupi hukomaa kwa takriban miezi mitatu, na majani yake machanga ni mboga. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa huchukua miezi mitatu hadi mitano na vina vitamini A kwa wingi. Mihogo hungojewa miezi tisa au zaidi. Ipandeni mapema, lakini msiitegemee mwaka huo. Anayegawa mbegu za misimu ya kupanda, ya Septemba au ya Februari, agawe na chakula pia, kwa maana mama mwenye watoto wenye njaa atapika hizo mbegu, na hakuna haki ya kumlaumu.

Migomba iliyobaki ichunguzwe kwanza. Mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi mwaka 2001, na shamba lililotelekezwa huufuga. Ndizi zikiiva kabla ya wakati na mgomba uliokatwa ukitoa utomvu wa manjano, kateni shina hilo usawa wa ardhi, kisha pitisheni panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kwenye migomba mizima, vunjeni ua dume kwa mti wenye panda mara tu kichane cha mwisho kinapotokea, bila kutumia kisu, kwa kuwa wadudu huchukua ugonjwa kwenye ua hilo.

Njaa huwafanya watu waharakishe mihogo michungu, na hapo ndipo madhara huanza. Ugonjwa wa konzo, unaoletwa na sumu ya mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, na ulioelezwa na daktari Trolli huko Kwango, magharibi mwa Kongo, mwaka 1938, hupoozesha miguu ghafla na haurudi nyuma. Mihogo hiyo ilowekwe siku tatu hadi ilainike, ikaushwe vizuri juani, na ugali wake usiliwe peke yake bila maharage au samaki.

Mtoto aliyetimiza miezi sita hahitaji ugali mwingi bali uji mzito wenye nguvu, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Masoso, yaani mahindi, soya na mtama vilivyosagwa pamoja, hufaa sana, mradi soya ikaangwe vizuri kwanza. Ongezeni kijiko cha mafuta ya mawese na unga wa sambaza waliokaushwa. Samaki hao wadogo wa Ziwa Kivu ni bei nafuu kuliko nyama na huliwa pamoja na mifupa.

Mama afundishwe kupima mwenyewe mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya milimita 125 ni utapiamlo. Chini ya 115 ni utapiamlo mkali. Abonyeze pia miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu, na shimo likibaki, au mkono ukiwa chini ya 115, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila kusubiri siku ya soko.